Jicho la Kushoto la Mellen

Omwenga hakuiona ile ngumi. Alikuwa ameinama juu ya sinia akichagua kipande chenye nyama, na mdomo wake haukuwa umefungwa tangu afike. Alisema samaki ni wa jana. Dorine, mwenye kibanda, akageuza samaki kwenye karai. Akasema mafuta yametumika mpaka yamekuwa meusi kama oili ya lori. Dorine akamgeuza mwingine. Kisha akamgeukia mwenzake, akacheka, akasema, "Na ati huyu mama huambia watu alikuwa bondia Nairobi. Bondia wa kukaanga mifupa."

Hapo Dorine aliweka kijiko chini, akajipangusa mkono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akampiga.

Ilikuwa ngumi moja tu ya mkono wa kulia, iliyotoka begani bila haraka. Taya la Omwenga lililia kama kijiti cha kuwashia jiko kinachovunjwa. Aliangukia benchi, benchi likaenda chini naye, sinia likapinduka, na ile migongo wazi, mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani nyama ikishakatwa, ikatapakaa kwenye vumbi la stendi ya Homa Bay. Damu ilimtoka mdomoni pamoja na jino. Wateja walisimama na vipande vyao mkononi. Dorine alibaki amesimama juu ya yule mtu, mikono juu, kidevu kimeinamia kifua, miguu imepangwa kama alivyofundishwa akiwa msichana. Na jambo la aibu ni kwamba alikuwa na furaha. Ilikuwa miaka mingi tangu afurahi hivyo.

Aliyemwondoa pale ni mumewe, Nicholas, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye ndiye aliyekuwa akipara magamba na kukata samaki nyuma ya kibanda chao. Hakumkemea. Alimshika kiwiko, akamketisha, kisha akaenda kumwinua Omwenga na kumfuta damu. Mchana kutwa alizunguka kati ya hospitali, kituo cha polisi na nyumbani kwa akina Omwenga, akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, mpaka wakakubali yaishe. Aliporudi viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi.

"Mama Edith," akasema, "kesho tuanze mapema. Leo hatukuuza kitu."

Edith alikuwa binti yao wa pekee, aliyekuwa shule ya bweni. Dorine alikuwa akijisugua mkono. Bado alikuwa anaisikia ile ngumi kwenye vifundo vya vidole, tamu kama kitu alichokula.

Habari za Dorine zilijulikana na kila mtu pale stendi, maana mwenyewe hakuacha kuzisimulia. Alizaliwa hapohapo mjini, mtoto wa mvuvi, mtundu asiye na woga. Siku moja mwalimu wa ndondi aitwaye Jacktone, aliyekuwa akifundisha vijana katika ghala kuukuu la pamba, alimkuta amemkalia mvulana mkubwa kuliko yeye na kumgongesha kichwa chini. Jacktone alimwinua kwa kola ya nguo, akamwambia kama ni lazima apige watu, basi apige kwa mpango. Kutoka ghala lile alifika Nairobi, akachukuliwa na timu ya idara moja kubwa ya serikali, akapigana kwenye kumbi zilizojaa watu wakiliita jina lake. Mwishoni yakaja mashindano ya kuchagua watakaokwenda ng'ambo, na katika fainali akakutana na Mellen, msichana Mkuria kutoka Isebania, mfupi, mpana wa mabega, mkimya. Walipigana mpaka kengele ya mwisho. Majaji wakampa Mellen ushindi kwa tofauti ndogo kabisa. Mellen akapanda ndege. Dorine akarudi nyumbani na mkono uliovunjika, na ni wakati mkono huo ukiwa kwenye plasta ndipo Nicholas alipoanza kumbebea ndoo za maji.

Hadithi yake ilikomea hapo kila mara. Yaliyofuata hakuyahesabu kuwa maisha. "Enzi zangu," alikuwa akisema huku akigeuza samaki kwenye karai, na mteja asiyejua akauliza, na yule anayejua akaangalia pembeni. Alipima kila kitu kwa kipimo cha zamani. Nyumba yao ya mabati aliipima na zile kumbi. Kazi yake aliipima na makofi ya watu. Nicholas naye, aliyeamka kabla yake kuwasha moto miaka yote hiyo, alipimwa kwa kipimo hichohicho, na hakuwahi kufikia. Moyoni mwa Dorine, kila kilichokuwa kizuri kilikuwa kimeshapita, na kulikuwa na mtu mmoja aliyekibeba akaenda nacho. Mtu huyo ni Mellen.

Wiki chache baada ya taya la Omwenga kuvunjika, Jacktone alikuja kibandani. Alikuwa amezeeka, anatembea akiburuta mguu, lakini bado alifundisha vijana katika ghala lilelile. Aliagiza samaki, akala nusu, kisha akasema kilichomleta. Wafanyabiashara wachache wa Rongo walikuwa wakiandaa siku ya ndondi ya vijana, na walitaka mabondia wa zamani waifungue.

"Nimempata Mellen," akasema.

Kijiko cha Dorine kilisimama ndani ya mafuta.

"Yuko wapi?"

"Isebania. Anauza ndizi karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni. Nilimfuata mpaka huko. Amekubali."

"Amekubali kupigana na mimi?"

"Amekubali kuja Rongo. Lakini nisikilize, nyathina, mwanangu. Haya ni maonyesho. Mtacheza raundi tatu, watu wafurahi, mrudi nyumbani."

"Sawa, kocha," Dorine akasema. Neno maonyesho halikuwa limemwingia kabisa.

Kuanzia hapo kibanda kikawa cha Nicholas. Dorine aliamka alfajiri, akakimbia kando ya ziwa akipita wanawake wanaoanika dagaa wa omena, na viboko waliokuwa wakirudi majini baada ya kula mashamba ya watu usiku kucha hawakumtisha. Nyuma ya nyumba alitundika gunia la mchanga kwenye boriti, akalipiga mpaka nguzo zikalegea. Alasiri alikwenda ghalani kupigana na vijana. Mmoja wao, kijana mpole aliyemwamkia kwa heshima, alimchezea kama mtu anayecheza na mama yake. Dorine alimpiga ngumi ya koo. Kijana akapiga magoti, akakohoa, machozi yakimtoka.

"Mathe, pole pole, hii ni mazoezi tu," akasema alipopata pumzi.

"Inuka."

Kijana akainuka, na safari hii hakumwangalia umri. Dorine alirudi nyumbani na mdomo uliopasuka na jicho lililofumba. Nicholas alichovya kitambaa kwenye maji baridi, akamwekea.

"Unatafuta nini huko?" akamuuliza.

"Changu."

"Na hiki cha hapa ni cha nani?"

Dorine alifumba na lile jicho jingine, akajifanya amelala.

Siku ya soko, wakati Dorine yuko ghalani, wapakiaji mizigo wawili walianza kugombania nafasi ya kuegesha mkokoteni mbele ya kibanda. Walianza kwa maneno, wakaja kwenye makofi, kisha mmoja akachomoa ubao wa mkokoteni na kumpiga mwenzake mbavuni. Yule aliyepigwa alirudi kinyumenyume, akaangukia jiko. Karai lote la mafuta lilimwendea Nicholas.

Dorine alipoitwa, alimkuta mumewe ameketi chini, mkono wa kulia umetumbukizwa kwenye beseni. Ngozi kutoka kiwiko mpaka vidoleni ilikuwa imevimba na kuanza kumenyuka kama ya nyanya iliyochemshwa. Mtu mmoja alitaka kumpaka unga, mwingine ameshika dawa ya meno. Nicholas hakulia. Alikuwa ameuma kola ya shati lake, na kola ilikuwa imelowa mate na kuchanika. Dorine aliwasukuma wote, akamweka kwenye bodaboda, akamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali, na njiani alisikia meno ya mumewe yakigongana sikioni pake.

Mtu angedhani hapo ndipo angeacha. Hakuacha. Pambano lilikuwa limekaribia sana, na ndani yake kulikuwa na sauti iliyomwambia akikosa nafasi hii hatapata nyingine mpaka kaburini. Asubuhi alimfungua Nicholas bandeji, akamwosha, akamfunga mpya. Kisha akachukua mfuko wa glovu.

"Unaenda?" Nicholas akauliza.

"Ni siku chache tu zimebaki."

"Na huu mkono siwezi hata kufunga suruali."

Dorine alirudi kutoka mlangoni, akamfungia kifungo, akatoka.

Ukumbi wa Rongo ulikuwa umejaa tangu saa sita mchana. Kulikuwa na wakulima wa miwa, wanafunzi wa chuo, waendesha bodaboda waliopanda madirishani, na kinamama waliokuja kuona kama kweli wanawake wenzao watapigana. Ulingo ulikuwa wa mbao, umefunikwa turubai, na kamba zake zililegea. Dorine aliingia kwanza. Kelele zilipopanda alihisi nywele za shingoni zikimsimama, akajua hicho ndicho alichokuwa amekikosa.

Mellen aliingia bila kuangalia mtu. Alikuwa amenenepa, mvi zimeanza, na alipanda ngazi za ulingo akishikilia kamba kwa uangalifu, kama mtu anayepanda kwenye mtumbwi. Walipogusanisha glovu katikati, alitabasamu. Dorine hakutabasamu.

Raundi ya kwanza Dorine alikuwa msichana. Ngumi yake ya kushoto ilimdonoa Mellen usoni, ikarudi, ikadonoa tena, na miguu ikambeba bila yeye kuifikiria. Pua ya Mellen ilianza kutoa damu. Watu wakapiga kelele na mabati ya ukumbi yakatetemeka. Kengele ilipolia Dorine alikataa kuketi kwenye kiti cha kona yake.

"Punguza," Jacktone akamwambia, akiwa ameshika chupa ya maji. "Punguza, nimekuambia. Yule mwanamke hakuja vitani."

Raundi ya pili Mellen alikumbuka. Aliingia chini ya mikono ya Dorine, akapachika bega kifuani pake, akampiga mbavuni ngumi fupi nzito, moja, na nyingine palepale. Kitu kikakatika. Pumzi ya Dorine ikaisha kabisa. Kwa muda alikuwa amefungua mdomo kama samaki kwenye mchanga, na Mellen akampiga ya kutoka chini iliyomgonganisha meno na kumchana ulimi. Alimeza damu. Hapo mwili wake ulikumbuka kitu ambacho mdomo wake haukuwahi kukisimulia pale stendi: kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, kwamba hata katika enzi zake sehemu kubwa ilikuwa ni hofu na kutamani kengele ilie.

Kengele ililia. Safari hii aliketi. Jacktone alimgusa mbavu, Dorine akaruka kwa maumivu.

"Tuache," Jacktone akasema.

"La."

Katika raundi ya tatu ndipo alipoliona lile jambo. Alirusha ngumi ya kulia kwa kuizungusha, ngumi mbovu, ya polepole, ambayo hata mtoto angeikwepa. Mellen hakuikwepa. Hakupepesa hata jicho. Ilimpata upande wa kushoto wa uso, na alipogeuza kichwa kutafuta ilikotoka, Dorine alimwangalia machoni. Jicho la kulia lilikuwa likimtafuta. La kushoto lilitazama mbele tu, limetulia, na katikati yake kulikuwa na weupe mwembamba kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Alijua. Hakuna haja ya kulizungusha jambo hili. Alikuwa na muda wa kutosha kujua, na muda wa kutosha kuchagua. Angeweza kumkumbatia, angeweza kurudi nyuma na kumwita refa. Badala yake alihama upande, akaingia kule kwenye giza la mwenzake, akapiga. Akapiga tena. Mellen aliinua mkono wake mahali pasipo na kitu. Dorine akampiga sikioni, kwenye shavu, kwenye kona ya taya, kila ngumi ikifika bila kizuizi, na mdomoni mwake mwenyewe, kupitia damu, alikuwa akisema kitu ambacho baadaye hakuweza kukikumbuka. Ngumi ya mwisho ilimwinua Mellen kutoka kwenye visigino. Alianguka chali. Kisogo kilipiga mbao kwa mlio ambao uliwanyamazisha waliokuwa karibu.

Waliokuwa mbali hawakusikia, wakashangilia. Dorine aliinua mikono. Alizunguka ulingo mikono ikiwa juu, watu wakiliita jina lake kama zamani, mpaka alipofika upande wa pili na kuona mguu wa Mellen. Ulikuwa ukigonga turubai peke yake, haraka haraka, kama mguu wa kuku aliyechinjwa.

Mikono yake ikashuka yenyewe.

Walimbeba Mellen kwa mlango uliong'olewa, wakamweka nyuma ya pikapu. Hakuna jamaa yake aliyekuwa amekuja. Dorine alipanda naye, bado amevaa glovu, maana hakuna aliyekumbuka kumfungua, na njia nzima alikishikilia kichwa cha Mellen katikati ya zile glovu mbili ili kisigongwe na mashimo ya barabara. Damu ilitoka kwenye sikio, ikaingia kwenye ngozi ya glovu.

Hospitalini waliambiwa wangoje. Dorine aliketi kwenye benchi na Jacktone, mbavu zikimchoma kila alipovuta pumzi, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, yale ya zamani yalimjia. Lakini hayakuja kama alivyozoea kuyaita. Alikumbuka nahodha wa timu yao aliyemvunja pua bafuni kwa sababu ya kugombania glovu kavu. Alikumbuka kukojoa damu baada ya ile fainali, na kukaa chooni akiogopa kumwambia mtu. Alikumbuka kulala na njaa, wasichana wanne kwenye chumba kimoja, kila mmoja akilia chini ya blanketi asisikike. Yote hayo yalikuwepo siku zote. Alikuwa tu ameyakata, kama viwanda vinavyokata nyama na kutupa mifupa, akawalisha watu nyama tupu miaka yote.

"Daktari anasema jicho la kushoto halioni tangu zamani. Sikujua," Jacktone akasema. "Naapa sikujua."

Dorine alianza kufungua kamba za glovu kwa meno.

Mellen alizinduka kesho yake. Kichwa kilikuwa kimefungwa, uso umevimba, midomo imepasuka. Jacktone alikuwa amelala kwenye benchi la nje. Kati ya Dorine na Mellen hakuna aliyejua lugha ya nyumbani ya mwenzake, hivyo walizungumza Kiswahili, polepole, kwa sababu midomo yote miwili iliuma.

"Nani anauza ndizi zangu?" ndilo jambo la kwanza Mellen alilouliza.

"Sijui."

"Kuna mikungu mitatu ya kijani nimewekea watu wa harusi. Wakiiuza, huyo mama wa harusi ataniua." Aligusa bandeji kichwani. "Ataniua mara ya pili, basi."

Dorine alitaka kucheka, mbavu zikamkataza. Alivuta kiti karibu.

"Nataka nikuambie kitu kuhusu raundi ya tatu," akaanza.

"Uliona jicho," Mellen akasema. "Nilijua umeona. Ulihama upande."

"Ndiyo."

"Hm." Mellen aliangalia dari kwa lile jicho moja. "Mimi pengine ningefanya hivyohivyo. Sijui. Lakini usiniombe msamaha leo, dada, kichwa kinaniuma sana. Uniombe siku nyingine."

Dorine akakubali. Baada ya muda akauliza kile alichotaka kuuliza kwa miaka kumi na sita. "Ile fainali ya Nairobi, uliona wewe ndiye ulishinda kweli?"

Mellen alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Fainali ipi? Nilipigana na wengi. Wewe ni yule wa kaptura nyekundu?"

"Bluu."

"Aa. Bluu." Ilikuwa wazi kwamba hakumbuki. "Dada, mimi hata nilidhani tunakutana mara ya kwanza. Yule mzee aliniambia kuna mama Homa Bay anataka kucheza, nikaona sawa, nitoke Isebania siku moja, nipumzike na kelele za malori."

"Lakini ulienda ng'ambo."

"Nilienda. Tukafika, baridi inakata masikio, nikapewa msichana mrefu kama mlingoti wa bendera. Kabla sijapasha mwili joto alinipiga hapa." Alionyesha jicho. "Sikuona hata aliyeniokota. Nikarudi. Uwanja wa ndege hakuna mtu alikuja kunipokea, nikapanda basi na bandeji usoni. Jicho likaendelea kufa polepole mpaka likafa." Alimgeukia Dorine. "Ni hiyo ulikuwa unaionea wivu?"

Cha kwanza kilichompanda Dorine kilikuwa hasira, hasira mbichi ya kutaka kumpiga tena palepale kitandani, kwa kuwa amemharibia kitu alichokitunza muda mrefu hivyo. Ngumi zake zilijikunja mapajani. Alizitazama. Vifundo vilikuwa vimechubuka na kuvimba, na kwenye kimoja kulikuwa na kovu la jino la Omwenga. Alizikunjua taratibu, kidole kwa kidole, na hasira ilipoondoka iliacha uchovu mkubwa, kama wa mtu aliyebeba gunia mpaka nyumbani na kukuta ndani ni pumba.

Alikaa na Mellen mpaka wifi yake alipofika kutoka Isebania. Mellen alipona, ingawa sikio la kushoto lilibaki likivuma na hakuweza tena kubeba mkungu kichwani. Ile siku nyingine ya kuomba msamaha ilikuja baadaye, kwa simu, na Mellen alisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema sawa.

Dorine aliposhuka stendi ya Homa Bay hakuenda moja kwa moja kibandani. Alisimama ng'ambo ya barabara. Nicholas alikuwa amefungua. Mkono wa kulia ulining'inia kwenye kitambaa shingoni, na kwa wa kushoto alikuwa akipambana na samaki kwenye karai, akimkosa, akimfukuza, mafuta yakimrukia. Wateja walikuwa wakijihudumia wenyewe. Alisema kitu kwa ile sauti yake ndogo, na benchi zima likaangua kicheko, mzee mmoja akajishika tumbo. Dorine hakusikia alichosema. Alitamani kusikia. Ilimjia kwamba watu hawa hawakuja kwa ajili ya ngumi zake za Nairobi, na labda hawajawahi.

Alivuka.

"Lete kijiko," akasema.

Nicholas alimtazama uso, mdomo, jinsi alivyosimama upande kwa ajili ya mbavu. "Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Basi ni vizuri."

"Si vizuri," Dorine akasema, akachukua kijiko.

Nyumbani alimfungua bandeji. Hakuna aliyeibadilisha tangu aondoke, na ilikuwa imeshikamana na nyama. Aliilowesha kwa maji ya chumvi, akaivuta kidogo kidogo, usaha na damu vikija pamoja nayo, na Nicholas, ambaye hakulia siku ya kuungua, sasa alilia. Alimshika mkewe bega kwa ule mkono mzima na kulibana kwa nguvu kiasi kwamba alama za vidole zilibaki.

"Nilikuita," akasema. "Siku ile unatoka. Nilikuita ukiwa barabarani."

"Nilisikia," Dorine akasema.

Aliendelea kuvuta mpaka bandeji ikatoka yote.

Si kwamba aligeuka malaika. Miezi michache baadaye alimzaba kofi kondakta aliyemsukuma mama mjamzito, na stendi nzima ikamuunga mkono, hivyo ikawa vigumu kumweleza kuwa amekosa. Lakini gunia la mchanga alilishusha, mchanga akautumia kuziba shimo mbele ya mlango, na "enzi zangu" ikapungua mdomoni mwake. Mteja akimchokoza asimulie ya Nairobi, alimsimulia ile ya kukojoa damu, na mteja akainamia samaki wake.

Mkono wa Nicholas ulipona vibaya, vidole viwili havikukunjika tena, kwa hiyo walibadilishana kazi. Dorine alikata samaki, Nicholas akakaanga. Alasiri moja mvua kubwa ya upepo iliwavamia kutoka ziwani, ikang'oa turubai la jirani, ikabidi wabebe jiko na karai na kukimbilia chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Walisimama hapo wamelowa, hakuna mteja, hakuna la kufanya. Dorine alimwangalia mumewe akiukinga moto kwa mwili wake, akaona kwenye kifundo cha mguu wake kovu refu linalozunguka kama kamba. Alikuwa ameliona mara elfu.

"Hilo ulilipataje?" akauliza.

Nicholas alishangaa kidogo. "Hili? Nilikuwa nachimba dhahabu Nyatike, kabla hatujajuana. Shimo liliniangukia. Tulikuwa wawili ndani."

"Hujawahi kuniambia."

"Wewe ulikuwa na hadithi nyingi."

Hakulisema kwa uchungu. Dorine aligeuza ndoo, akaiketia, akaiweka nyingine karibu yake kwa ajili ya mumewe. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata ikabidi Nicholas ainame ili asikike.

"Mwenzangu alikufa pale pale," akasema. "Nilimsikia. Mimi nilikuwa nimelala, udongo ukanifika hapa, shingoni, mguu mmoja ukabaki nje. Halafu nikasikia watu juu wanabishana wafunge kamba wapi, kichwani au mguuni."

"Kichwani vipi? Wangekunyonga."

"Ndiyo nilikuwa nawapigia kelele, lakini mdomo umejaa udongo."

Dorine alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akazishika, akaendelea kucheka, naye Nicholas akaanza. Walipotulia Dorine alimsogelea kwenye ndoo.

"Haya, endelea," akasema. "Wakafunga mguuni."

"Wakafunga mguuni," Nicholas akasema, "wakavuta."